Ushauri: Bosi anataka "mpango wa usawa" shambani, nianzie wapi?

Karani wa Msimu:
Wakuu, habari za Jumapili. Niko ofisi ya utumishi kwenye shamba moja la mboga za kusafirisha nje, maeneo ya Usa River, Arusha, hapa Tanzania. Msimu ukipamba moto tunafika watu 300 hivi, wengi vibarua. Mnunuzi wa Uingereza ameomba kuona mpango wetu wa usawa kazini, yaani jinsi tunavyompa kila mtu nafasi sawa bila ubaguzi, bosi kanitupia mimi.

Karatasi naweza kuiandika hata usiku huu. Shida ni shamba lenyewe. Wachumaji na wafungashaji karibu wote ni wanawake. Wasimamizi, madereva wa trekta na wapiga dawa ni wanaume watupu. Vibarua wanachaguliwa getini alfajiri na manyapara wawili, wote wa kijiji kimoja, kwa hiyo mnaweza kukisia nani wanapita. Mwenye mimba inayoonekana anaambiwa nafasi zimejaa. Juzi kaja kijana kiziwi, karudishwa eti hatasikia trekta.

Nifanyeje ili isiwe maigizo ya mkaguzi?

Bwana Shamba Mstaafu:
Kijana, mkaguzi anakuja, anakunywa chai, anaondoka. Andika karatasi yako ulale. Wanawake wenyewe hawataki kupiga dawa, waulize.

Mama Chainizi:
Mzee wangu shikamoo, ila hapo nakukatalia. Nimechuma mashamba ya huko miaka mingi, na ugonjwa uko getini. Nyapara akiwa ndiye anayeamua nani ale leo, ataomba anachotaka: vocha, soda, mwisho anakutaka wewe mwenyewe. Ukikataa, kesho hutaitwa. Na utalalamika wapi? Hujafukuzwa, hukuitwa tu!

Mwanangu, mnyang'anye nyapara kalamu. Majina yaandikwe ofisini jioni ya kuamkia kazi, wa msimu uliopita watangulie, wapya wafuate foleni. Orodha ibandikwe ukutani kila mtu aione.

Halafu mimba. Wanawake wanaificha, wanaifunga kwa kanga, kwa sababu tunalipwa kwa kipande, yaani kwa kiasi ulichochuma, na wakihamishiwa kazi nyepesi kipande kinapungua na hela inapungua. Ukimhamisha, mlipe wastani wa alichokuwa anapata kwenye kuchuma. Bila hivyo ataendelea kuingia shamba lililopigwa dawa jana.

Wakili wa Vumbi:
Mama kamaliza, mimi naongezea sheria. Mpango huo si matakwa ya Mzungu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamtaka mwajiri awe nao na ausajili kwa Kamishna wa Kazi. Kifungu hicho hicho kinakataza ubaguzi wa kabila, mahali mtu atokako, jinsia, ujauzito na ulemavu. Geti lenu limevunja karibu vyote kabla jua halijachomoza.

Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, 100 kwa mapacha, na anayenyonyesha apewe hadi saa mbili kwa siku. Bosi atasema vibarua hawahusiki. Mwambie hivi: mtu aliyeitwa na kuachwa mara kadhaa kwa mwaka, vipindi vyake vikijumlishwa vikazidi miezi sita, haki ya likizo anayo. Ndiyo maana ile orodha ya ukutani ni muhimu, ni ushahidi. Wapo wasioitaka kwa sababu hiyo hiyo.

Anachofanya nyapara kinaitwa rushwa ya ngono, kipo kwenye sheria ya 2007 ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea, asilimia 3 wawe wenye ulemavu. Kwa watu 300 ni tisa. Mnao wangapi?

Mikono Inasema:
Mimi ni kiziwi, nimefungasha mboga. Mashine zikiwaka humo ndani hakuna anayemsikia mwenzake, mbona hamuwarudishi nyumbani? Tenganisheni njia ya trekta na njia ya watu, wavae vizibao vya kuakisi, maelekezo ya asubuhi yaandikwe ubaoni. Na mkimwita huyo kijana, muulizeni yeye. Msimuulize mjomba wake.

Wa Karagita:
Huku Naivasha mashamba mengi ya maua yana kamati za jinsia. Ile ambayo meneja amechagua wanachama, hakuna mtu huipelekea shida yake. Wafanyakazi wapige kura wenyewe. Kuhusu masupavaiza wanawake: mafunzo yafanyike saa za kazi. Kwetu yalikuwa jioni, akina mama wote wakajitoa kwa sababu ya watoto, halafu tukaambiwa hawana nia.

Bwana Shamba Mstaafu:
Hilo la jioni ni kweli, nimeliona. Lakini bado nasema manyapara watagoma katikati ya msimu, na mboga haisubiri.

Wakili wa Vumbi:
Wagome wawili, wachumaji wapo 200. Ongea kwanza na TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani, kama wana tawi hapo, na hao wawili wabaki na usimamizi wa kazi, orodha tu ndiyo itoke mikononi mwao.

Karani wa Msimu:
Asanteni sana. Yule kijana nitamtafuta mwenyewe. Orodha naipeleka kwa bosi kesho asubuhi. Ila kuna kitu sikusema: nyapara mmoja ni shemeji yake bosi.

Mama Chainizi:
Hilo ndilo ungeliweka kwenye kichwa cha uzi, mwanangu.