WAZAZI FOMU 2, WETE, PEMBA

*Jumatano*

Mama Nasra (2:05 usiku)
Assalaam alaykum wazazi wenzangu. Naomba kila aliyemo humu asome mpaka mwisho, asipite juu juu. Kuna mtoto wetu wa kike wa Fomu 2, picha yake inazunguka kwenye kikundi cha wanafunzi tangu Ijumaa. Yumo kwenye kanga, kichwa wazi, uani kwao. Alimtumia mtu aliyejitambulisha kuwa ni msichana mwenzake wa mji wa Mkoani. Sasa mtu huyo anataka nyengine, na pesa juu, la sivyo atampelekea baba yake na maalim wa chuo cha Kurani. Jina la mtoto SILITAJI na asilitaje mtu.

Mama Nasra (2:06)
Tukutane Jumamosi skulini saa 3 asubuhi.

Baba Suleiman (2:31)
Waalaykum salaam. Jumamosi watoto wapo chuoni, Mama Nasra. Na msimu huu wazazi wote wapo mikarafuuni.

Mama Nasra (2:32)
Mikarafuu itangoja masaa mawili.

Baba Suleiman (2:33)
Karafuu ikishafunguka imeharibika, hiyo haimngoji mtu 😄

Ami Bakari (2:35)
Yakhe umeshaanika? Mvua ya jana imenitia hasara mimi

Baba Suleiman (2:36)
Ya jana ilinikuta jamvi zima lipo nje 😂

Mama Nasra (2:36)
Jamani. Mtoto.

Mama Rukia (2:50)
_Ujumbe huu umefutwa_

Mama Nasra (2:51)
Ahsante kwa kufuta, Mama Rukia. Walioliona jina wanyamaze nalo.

Baba Rashid (3:02)
Dawa ni moja. Simu zote zikusanywe. Wangu nimeshampokonya, nikaitia kwenye kinu nikaiponda na mchi. Mjadala umekwisha.

Mama Nasra (3:10)
Baba Rashid nakuheshimu, lakini umeponda na ushahidi. Kama mtu huyo alishamwandikia na wa kwako, namba yake ilikuwemo humo, maneno yake yalikuwemo, na tarehe. Polisi huuliza hivyo kabla ya kitu chochote.

Nawaomba nyote: mtoto akitishwa, msifute mazungumzo. Piga skrinshoti ya namba, jina la akaunti na vitisho vyenyewe, kisha ndo umzuie. Asilipwe hata vocha ya 1,000, maana akilipwa leo kesho anarudi na bei nyengine. Na picha yenyewe isitumwe kwa mtu, hata kwa kuuliza "huyu mtoto wa nani".

Mama Nasra (3:14)
Na ukimpokonya simu haachi. Ataitumia ya rafiki yake uchochoroni, na siku akitishwa hatokwambia. Huyu alimwambia Nasra. Mama yake yupo chumba cha pili, hakumwambia, kwa kuwa anajua akisema atapigwa mwanzo ndo aulizwe. Hilo ndo linaloninyima usingizi mimi kuliko picha.

*Alkhamis*

Mwalimu wa darasa (7:20 mchana)
Samahani nimechelewa kuona. Simu zimekatazwa skulini, kwa hiyo haya yanatokea nje ya saa za masomo. Hata hivyo nitamfikishia mkuu wa skuli.

Mama Nasra (7:22)
Mwalimu, yanatokea nje lakini mtoto anachekwa ndani ya darasa lako. Tangu Jumatatu haendi.

Mama Rukia (10:40 jioni)
Mimi nasema kweli, hata hiyo mipangilio ya simu siijui ilipo. Yeye ndo ananifungulia mimi.

Mama Nasra (10:48)
Hapo hapo pazuri. Akufungulie mbele yako na yeye mwenyewe akueleze. WhatsApp: Mipangilio, Faragha, Vikundi, muweke kwamba anaowajua tu ndo wamtie kwenye kikundi. Picha yake ya wasifu hivyo hivyo. Halafu uthibitishaji wa hatua mbili, ile namba ya siri ya tarakimu 6, asimpe mtu, hata anayedai kuwa ni fundi. Na ile picha ya "tazama mara moja" wasidanganyike nayo, mwenzio anaipiga kwa simu ya pili.

Umri wa WhatsApp ni miaka 13. Wangapi tuliwafungulia wenyewe wakiwa darasa la 5? TikTok nayo aliye chini ya 16 hafunguliwi ujumbe wa faragha, lakini kijana wa dada yangu kaandika kazaliwa 1998. Mkaangalie walivyoandika wa kwenu.

Ami Bakari (11:30)
Mkutano sikatai. Ila kabla ya mkutano mpya tupate hesabu ya ule wa zamani. Pampu ya maji iko wapi?

Mama Nasra (11:31)
Ami Bakari, leo?

Ami Bakari (11:33)
Kila siku ni leo. Tulitoa elfu 20 kila mzazi. Daftari ulishika wewe.

Mama Nasra (11:40)
Daftari nilikabidhi kwa kamati mbele ya Sheha, na wewe ulikuwepo, ukala na haluwa. Waulize uliowachagua.

Baba Rashid (11:42)
Haya ya pampu mimi pia nataka kuyasikia

Mama Mkubwa wa Gando (11:58)
Na mimi.

Baba Suleiman (1:15 usiku)
Nyie mnataka maji au mnataka intaneti? 😂😂

Mwinyi (mjukuu wa Mzee) (2:20 usiku)
Assalaam alaykum. Naandika mimi, lakini maneno ni ya babu, amekaa hapa anasema nami nagonga. Anasema:

Nimesomewa yote tangu jana. Picha ya mtoto huyo mimi nimeoneshwa, barazani, baada ya lasiri. Aliyenionesha si mwanafunzi. Ni mtu mzima na yumo humu. Akanambia, "Mzee, tazama vijana wa sasa." Niligeuza uso. Nauliza, yeye kaipata wapi, na baada yangu kampa nani? Yule wa Mkoani hatumjui. Huyu tunasali naye safu moja. Mwenye nayo aifute usiku huu, na aliowapelekea awaambie waifute. Sitaki kuambiwa ni nani. Mkutanoni nitakuja, nichukuliwe kwa gari. Ya pampu yana siku yake.

Mwinyi (mjukuu wa Mzee) (2:21)
Amemaliza.

_Baba Suleiman ameondoka kwenye kikundi_

Mama Rukia (3:05)
Innalillahi

Ami Bakari (3:09)
Labda bando limeisha

Mama Mkubwa wa Gando (3:10)
Bando likiisha mtu haondoki kwenye kikundi.

Mama Nasra (3:30)
Shukran Mzee. Nilitaka niyaseme mkutanoni lakini nayasema sasa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na huku kwetu, na kumsumbua au kumdhalilisha mtu kwa simu imo. Haiangalii kama wewe ndo wa kwanza kutuma au wa arubaini. Na kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, awe amevaa nini.

Msaada upo. Namba 116 ya watoto, bure, mtoto anapiga mwenyewe. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Hospitali ya Chake kuna kituo cha Mkono kwa Mkono, cha kuwasaidia waliodhalilishwa. Kesho naenda Dawatini na mama mtu, na ile simu ya mtoto nimemwambia asiiguse.

*Ijumaa*

Baba Rashid (8:10 mchana, baada ya sala)
Mkutano wawekwe wasichana mbali na wavulana mbali.

Mama Nasra (8:12)
Sawa. Lakini wavulana waje wote. Kikundi kile wanakiendesha wao, na picha iliposambazwa hakuna hata mmoja aliyesema "futeni".

Mwalimu wa darasa (8:45)
Mkuu wa skuli anasema darasa litafunguliwa, ila Jumamosi hana nafasi. Jumapili bado anaangalia.

Mama Mkubwa wa Gando (9:02 alasiri)
Jumapili huku Gando tuna harusi

Mama Nasra (9:05)
Basi Jumapili saa 3, tuwahi kabla ya harusi. Askari wa Dawati amesema atakuja akipatiwa usafiri. Nani ana gari? Mzee naye wa kuchukuliwa.

Mama Nasra (10:50)
Nani ana gari?

Ami Bakari (11:20 jioni)
Nitamchukua Mzee. Askari sina nafasi yake, nina magunia.

Baba Rashid (12:40 magharibi)
Mimi nitakuja. Lakini simu nyengine sinunui.

Mama Nasra (12:41)
Njoo, na Rashid uje naye.

Mama Rukia (3:15 usiku)
Kwani tumeafikiana Jumapili au Jumamosi?