Jedwali la hashi likijaa, nani atolewe?

Kingo64: Wakuu, injini ya chesi (programu inayocheza) ikijaza jedwali lake la hashi la MB 32, linalokumbuka nafasi za ubao ilizokwisha kuchunguza, nafasi mpya imtoe nani? Kina, yaani injini ilitazama hatua ngapi mbele, kiamue: iliyochunguzwa kwa kina cha 12 isifutwe na ya kina cha 2. Anayefuta ya zamani kila mara ni mvivu wa kufikiri.

Farasi_G1: Mvivu nani? Kina peke yake kinaliua jedwali. Mchezo ukisonga, linajaa nafasi za kina kikubwa ambazo vitunda vyake vilishaliwa. Haziwezi kurudi ubaoni, na hakuna cha kuzing'oa. Ken Thompson na Joe Condon kwenye Belle, mashine yao ya chesi, waliweka majedwali mawili sambamba: moja linalinda kina, la pili linafuta kila mara. Nao wavivu?

Kingo64: Basi ongeza umri. Jedwali la injini ya Stockfish lina vyumba vya baiti 32, kila chumba maingizo 3 ya baiti 10. Kina kinapunguzwa kadiri ingizo linavyozeeka, na mwenye alama ndogo ndiye anayetoka. Ufunguo, yaani kipande cha namba ya nafasi kinachotambulisha ingizo, ni biti 16 tu, na zinatosha.

Bao_la_Nne: Zinatosha wapi? Maingizo 3 kwa funguo 65,536 zinazowezekana, yaani kosa moja katika kila maulizo 21,845. Ukiuliza mara milioni kwa sekunde, unapata majibu ya uongo kama 46 kila sekunde!

Farasi_G1: Ndiyo maana hatua itokayo jedwalini hukaguliwa kwanza. Ukiruka ukaguzi huo, farasi ataondoka kwenye mraba usio na kitu, na ubao wote uharibike.

Jahazi: Wakuu, mmesahau kuuliza ni biti 16 zipi. MB 32 ni vyumba 1,048,576, yaani biti 20. Ukitafuta chumba kwa biti 20 za chini za namba ya Zobrist (ile namba inayotambulisha nafasi), kisha ukahifadhi 16 za chini zilezile kama ufunguo, kila nafasi inayoingia chumba hicho ina ufunguo uleule. Kila ulizo linajibiwa "ndiyo". Biti za juu zitafute chumba, za chini ziwe ufunguo.

Bao_la_Nne: Hapo nimekuelewa. Bado 46 ni nyingi.

Farasi_G1: Kingo64, futa neno "mvivu". Kisha chukua nafasi ya Lasker na Reichhelm ya 1901, mfalme mweupe a1, jedwali MB 1. Hesabu nodi (nafasi zinazochunguzwa) hadi injini ichague mfalme kwenda b1, kwa njia yako na kwa yangu, ya Belle.

Kingo64: Naweka na ya Belle. Neno silifuti kabla ya namba.