Mliotuuzia safari ya meli hadi Kilwa mwezi wa saba, rudisheni hela. Upepo wa kusi si dharura

Wakuu, salaam. Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa boti za Zanzibar, hii ni habari nyingine kabisa. Nina hasira, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie.

Nimerudi Dar juzi kutoka kwenye ile wanayoita "kruzi ya Sabasaba". Siku sita, vituo vitano: Bagamoyo, Mkoani kule Pemba, Unguja, Mafia, halafu Kilwa Masoko, kisha nyumbani. Jina la kampuni siliweki, nimeshapeleka barua ya malalamiko na sitaki kesho niambiwe nimewachafua. Tuliopanda tunajuana.

Tulikuwa wawili, mimi na mama. 950,000 kila mtu. Siku ya kuondoka, tuko kwenye foleni na mabegi, ndipo anakuja dada mmoja mwenye fulana ya bluu kutuambia kuna "ada za kushukia", 120,000 kwa kila kichwa, vituo vyote vitano. Kwenye tangazo haipo. Kwenye tiketi haipo. Ukikataa unabaki gatini unapunga mkono. Nikalipa. Jumla 2,140,000, na karibu nusu yake ni mkopo wa kikoba ambao nitaulipa mpaka Desemba.

Kwa nini nijitese hivyo? Mama ni mtu wa Kilwa Kivinje. Hajafika kwao tangu msiba wa bibi, na magoti yake basi hayaliwezi tena. Nilipoona Kilwa Masoko kwenye orodha nikasema hapa hapa, mama atakwenda amekaa kwenye kiti kama malkia, ashuke, aonane na mdogo wake, arudi. Nilipomwonyesha tiketi kwenye simu aliuliza swali moja tu: "Mwezi wa saba? Na kusi lote hili?" Nikacheka. Nikamwambia mama, hii siyo jahazi, hii meli ya chuma ina ghorofa tatu. Akanyamaza. Wenye mama wa pwani mnajua kunyamaza kule kuna maana gani.

Twende Bagamoyo. Siku ya kwanza, bamvua, yaani maji yanajaa na kutoka kupita kawaida, mwezi mpevu. Mtoto yeyote anayeuza maji pale Feri atakwambia kwamba kwenye bamvua bahari yetu inajaa saa kumi na inakupwa saa nne. Sasa wao wametufikisha Bagamoyo saa ngapi? Saa nne asubuhi! Meli imetia nanga mbali huko, tukashushwa kwenye mashua, mashua ikakwama mchangani, tukaambiwa "jamani hapa tunatembea kidogo". Kidogo! Watu wamevua viatu, wamekunja suruali, tope la kijivu hadi magotini, kaa wanakimbia kwenye vidole. Mama yangu, mwanamke wa miaka 68, alibebwa mgongoni na kijana wa mashua, kanga imelowa hadi kiunoni, mkono mmoja umeshika shingo ya mtoto wa watu na mwingine umenyanyua mkoba juu asije akalowesha vitu vya Kilwa. Kila akiteleza yule kijana, mama anasema "Yarabi". Mimi niko nyuma na viatu vya watu wawili mkononi nahesabu hela zangu.

Tulipofika nchi kavu tukapewa dakika hamsini, maana eti maji yakianza kujaa mashua zinabidi ziwahi. Kaole, ambayo ilikuwa kwenye ratiba kwa herufi kubwa, iko kilomita kama tano kutoka mjini. Hatukwenda. Nimekula muhogo wa kuchoma kando ya barabara nikarudi topeni. Bagamoyo hiyo hiyo ningepanda Coaster pale Makumbusho nikashinda kutwa nzima.

Pemba sina neno. Kule kina kiko karibu na gati, meli iliegeshwa vizuri, watu wa Mkoani wastaarabu, tulikula pweza mzuri. Unguja tulifika usiku, tukatembea Forodhani, urojo, tukalala. Haki yao nawapa.

Mafia sasa. Mliliona lile tangazo? Picha kubwa ni papa potwe, madoa mgongoni, mdomo wazi, pembeni mzungu anaogelea. Chini yake: "Ogelea na potwe Mafia". Tumetia nanga Kilindoni, yule dada wa fulana ya bluu anapita na daftari: ziara ya potwe 90,000 kwa mtu, fedha taslimu. Nikashuka gatini kwanza kunyoosha miguu, nikamkuta mzee mmoja anashona wavu, nikamuuliza, mzee wangu, potwe leo wapo upande gani? Akanitazama kama ananionea huruma. Akasema, "Potwe mwezi wa kumi, mwanangu. Wa kumi mpaka wa pili, wa tatu hivi. Sasa hivi utaona maji tu." Akaendelea na wavu wake. Nimerudi melini kuwaambia wenzangu, lakini kuna watu kumi na kitu walishalipa na walishaondoka. Walirudi baada ya saa tatu, chumvi imekauka usoni, mmoja ametapika njia nzima. Aliyepiga picha alipiga picha ya kasa. Wakaambiwa potwe ni mnyama wa porini, haji kwa oda. Ni kweli haji kwa oda, anakuja kwa msimu! Na msimu wake uko kwenye kila kijitabu cha utalii cha Mafia. Sasa kwa nini picha yake mmeibandika kwenye safari ya Julai?

Sasa lenyewe lililonileta hapa.

Usiku huo, tuko mezani, sahani za wali zinateleza zenyewe kutoka upande huu kwenda ule, kipaza sauti kikalia. "Wapendwa abiria, kutokana na hali mbaya ya hewa isiyotarajiwa, meli haitaendelea Kilwa, tutarejea Dar es Salaam."

Isiyotarajiwa!

Ndugu zangu, kusi linaanza mwezi wa nne linakwenda hadi wa tisa, na kukaza kwake ni hii miezi ya wa sita, wa saba, wa nane. Ukitoka Mafia kwenda Kilwa unakwenda kusini, maana yake upepo na wimbi vyote viko usoni, na ukishatoka kwenye kivuli cha kisiwa bahari ni wazi. Hili halihitaji digrii. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 kwa chombo cha tanga, na wenye vyombo vya wakati ule walikuwa wanajua mwezi gani unashuka na mwezi gani unapanda. Walikuwa wanakuja na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, wanarudi na kusi. Miaka karibu mia saba baadaye kuna mtu ana ofisi yenye kiyoyozi, ana simu inayomwonyesha utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, bure, anakuuzia tiketi ya kwenda kinyume cha kusi mwezi wa saba halafu anashangaa kuna upepo.

Naomba tuelewane, maana najua kuna watakaokuja kusema "ulitaka mzame?" Hapana. Nahodha yule alifanya sawasawa na nilikwenda kumpa mkono. MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012, ikitokea hapa hapa Dar kwenda Unguja, karibu na Chumbe, bahari ikiwa imechafuka. Julai. Sijasahau zile siku na simwombei mtu yeyote yarudi. Ugomvi wangu hauko kwa aliyekataa kwenda. Uko kwa aliyeuza. Kwa sababu mabaharia wenyewe walipolegea usiku, mmoja wao alinong'ona kwamba Kilwa "huwa hatufiki miezi hii". Huwa! Kumbe kuna huwa. Yaani wanajua, wanaiweka kwenye orodha ili tuvutike, wanachukua ada ya kushukia ya mahali ambapo hawatashuka, na kwenye tiketi wameandika kwa maandishi ya ukubwa wa sisimizi, tena kwa Kiingereza, kwamba hali ya hewa ikibadilisha ratiba hawahusiki. Mbuzi kwenye gunia.

Saa hiyo mama mdogo alikuwa ameshasafiri kutoka Kivinje kuja Masoko, amelala kwa jamaa ili asubuhi awahi gatini. Ilibidi nimpigie. Mtandao unakatika, nasema "hatuji", anasikia "tunakuja". Alikaa gatini mpaka adhuhuri.

Mama hakunilaumu. Alikaa kitandani kabini, mkoba mapajani, akatoa kimoja kimoja akavikunja upya: kanga doti mbili, miwani ya kusomea, picha ya bibi aliyoipeleka kufanyiwa fremu Kariakoo. Akavirudisha. Akasema tu, "Nilikuuliza, baba."

Ninachodai: 24,000 kila mtu, ada ya kushukia Kilwa, hiyo ni wizi mtupu na sijui wanaitetea vipi. Na sehemu ya nauli ya kituo ambacho hatukufika. Ofisini wamenipa vocha ya punguzo la asilimia 10 kwa safari ijayo, itumike kabla ya mwezi wa tisa. Kabla ya mwezi wa tisa! Ndani ya kusi lile lile. Nimeiacha mezani kwao. Mwenye uzoefu wa kudai kupitia TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini, au Tume ya Ushindani anieleze naanzia wapi, na waliokuwa melini mjitokeze, tuandike barua moja.

Nyongeza, saa mbili usiku: mkuu uliyeandika kwamba kosa ni langu, mama alinionya, upo sahihi na imeniuma. Lakini mama hakuniuzia tiketi.

Nyongeza nyingine: wamenipigia. Wanaomba niushushe uzi, wataongeza vocha iwe asilimia 15. Nimewapa namba ya mama mdogo wampigie yeye kwanza, wamweleze alikuwa anangoja nini pale gatini. Mama kwa sasa hayupo kwenye huu mjadala, jana alikwenda stendi ya Mbagala Rangi Tatu peke yake akakata tiketi ya basi la Kilwa ya Jumamosi. Magoti atayamudu huko huko, kasema.