Naomba ushauri: mpira wa kuvutika (lastiki) wa mwanasesere wa viungo vya gololi, Mtwara

Wakuu, mdogo wangu kanogewa na wanasesere wa rezini (plastiki ngumu ya kumimina), wenye viungo vya duara kama gololi, baada ya kuona picha za Super Dollfie, walioanza Japani mwaka 1999. Kapata wa mtumba, sentimita 43. Kulabu ya kichwani inayoshika mpira wa ndani ni nzima, ila akisimamishwa magoti yanakunjika: mpira huo, unaopita mwilini kuunganisha viungo, umelegea. Unaotakiwa ni wa mviringo kama kamba, unene milimita 3 hivi, uliofumwa uzi kwa nje. Mafundi cherehani wana wa bapa tu, nao hujipinda ukakwama kwenye tundu la goti. Wa mviringo unapatikana wapi, Mtwara mjini au Masasi? Pia jua hugeuza rezini ikawa njano. Kabati la mbao linatosha, au joto la bati nalo tulihofie?