Naomba ushauri: fiziotherapia ya wikendi kwenye wodi ya majeruhi

Habari zenu wakuu. Nasimamia kitengo cha fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) hospitalini, na wataalamu wetu wote hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Mzee aliyevunjika nyonga akifanyiwa upasuaji Ijumaa, hasimamishwi hadi Jumatatu, wakati alitakiwa kuinuka kesho yake. Waliovunjika mbavu ndio wananiumiza zaidi: maumivu yanawazuia kuvuta pumzi vizuri na kukohoa, makohozi yanatuama kifuani, nimonia inaingia.

Tumewafundisha wauguzi kuwainua wagonjwa. Wanajitahidi sana, ila wamezidiwa. Tulipojaribu zamu za wikendi, katikati ya wiki tukapungukiwa watu.

Kwa mliopitia hili, wikendi mlianza kuwahudumia wagonjwa gani? Na mapumziko ya fidia kwa waliofanya kazi wikendi mliyapangaje bila kuacha pengo Jumatatu?