Tupeane uzoefu: ulijifunzaje kuandika?

Mama Wawili: Jana mwanangu wa darasa la sita kaniletea insha yake. Mwalimu kazungushia wino mwekundu "mtu ambaye aliyekuja". Nimekumbuka mbali, maana nami nilichapwa kwa kosa hilohilo. Ni "mtu ambaye alikuja" au "mtu aliyekuja", chagua moja. Hilo kaelewa. Halafu kaniuliza, "Mama, na hadithi inaandikwaje?" Nikakosa jibu. Nyie mlijifunzaje?

Mkufunzi254: Huku Kenya tulikaririshwa. Insha ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilikuwa na alama 40, na darasa zima tulianza na jua kuchomoza na ndege kuimba. Hadi leo nikimaliza kuandika, aya ya kwanza naikata yote.

Shamba Darasa: Kweli kabisa.

Katibu Vikoba: Mimi niliandika tangazo: "Wanachama wote mje kupiga kula." Kwetu l na r ni sauti moja. Siku hizi nasoma kila kitu kwa sauti kabla sijabandika.

Kalamu Nyekundu: Kwa sauti haitakusaidia, ulimi ndio wenye kosa. Maneno yenye l na r yakariri kwa macho.

Mzawa: Mniwie radhi, hii mada imenigusa. Baba alipofariki niliambiwa niandike wasifu. Nikachukua wa jirani aliyezikwa mwaka uliotangulia, nikabadilisha majina na tarehe. Nasimama makaburini, nasoma, nafika hapa: "Marehemu ameacha mjane na watoto sita." Sisi tuko wanne. Watu kimya. Nikamwona shangazi anahesabu kwa vidole. Mama hakuinua kichwa, alikamata tu pindo la kanga. Usiku akaniita uani: "Mwanangu, hao wawili unawajua?" Nikamweleza kwamba nilinakili. Alilia sana.

Siku ya arobaini niliandika upya, peke yangu. Sikuweka "mcheshi" wala "mkarimu". Nilianza hivi: "Baba akitoka shamba, kwanza anaegesha baiskeli kivulini, anaifuta vumbi, ndipo anatusalimia." Mama akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Shamba Darasa: Pole sana mkuu. Ila una uhakika hao wawili hawapo?

Mama Wawili: Jamani, mtu kazika baba yake!

Mzawa: Tuko wanne.

Kijana wa Feri: Pole kaka. Mimi kila siku nasoma hadithi masaa mawili, ndiyo shule yangu.

Kalamu Nyekundu: Saa, siyo masaa. Ngeli ya I-ZI, haibadiliki.

Kijana wa Feri: Nikisema "nilisoma saa mbili" utajuaje ni muda au ni asubuhi?

Kalamu Nyekundu: Andika "kwa muda wa saa mbili".

Kijana wa Feri: Bibi yangu mzaliwa wa Pangani na anasema masaa. Nimfundishe yeye?

Mkufunzi254: Tumwache bibi. Mama Wawili, hadithi fupi ni mtu mmoja, siku moja, jambo moja. Sarufi isahihishwe mwishoni, ukiianza mapema mtoto ataogopa karatasi.

Kalamu Nyekundu: Sikubaliani. Sentensi mbovu inaozesha hadithi nzima.

Mama Wawili: Nimemsomea habari ya baiskeli. Kanyamaza, kisha kaandika bibi yake anavyofunga banda la kuku jioni: anahesabu vifaranga, anaegemeza jiwe mlangoni, anarudi kuhesabu tena. Mistari tisa. Kuna "ambaye" moja, na iko sahihi.