Seli shina za uboho wa mbuzi: kingamwili hazishiki, nimekosea wapi?

MwanafunziMifugo

Ndugu wanajukwaa, salaam. Utafiti wangu wa uzamili unahusu uponaji wa mifupa ya mbuzi, na kwa wiki kadhaa sasa ninajaribu kutenga seli shina za mesenkima, zile zinazoweza kugeuka mfupa, mafuta au gegedu, kutoka kwenye uboho. Mifupa ya paja naipata machinjioni asubuhi na kuileta maabarani katika boksi la barafu. Hapo ninaikata ncha zote mbili na kuusukuma uboho nje kwa bomba la sindano lenye maji ya lishe na heparini. Seli zenye kiini ninazitenganisha na chembe nyekundu kwa kimiminika kizito cha Ficoll chenye msongamano wa gramu 1.077 kwa mililita, kisha ninazipanda katika flaski za plastiki zenye maji ya lishe ya DMEM na asilimia 10 ya seramu ya ndama.

Siku ya saba naona makundi ya seli ndefu zilizochongoka ncha mbili, lakini katikati yake zimo seli za mviringo ambazo hazitoki hata nikisuuza. Baada ya kuzihamisha mara mbili nilizipima kwa saitometa, mashine inayohesabu seli zilizoshikwa na kingamwili. CD45 na CD34, protini za juu ya seli zinazotambulisha seli za damu, hazikuonekana, jambo lililonifurahisha, lakini CD90 na CD105, zinazotarajiwa kwenye seli shina za mesenkima, nazo hazikuonekana. Je, nilichokikuza si seli shina?

BibiHadubini

Mwanangu, kabla ya kuzilaumu seli, tueleze kingamwili zako zilitengenezwa dhidi ya protini za kiumbe gani. Nyingi zinazouzwa zimelenga binadamu au panya, na protini ya mbuzi inaweza kutofautiana nazo kiasi kwamba kingamwili haioni pa kushika. Ukweli ukiwa huo, umefurahia CD45 na kuhuzunikia CD90 ilhali matokeo yote mawili hayana uzito. Tena la kufurahisha ndilo la hatari zaidi, kwa sababu hakuna anayehangaika kulichunguza jibu alilolitaka.

Chukua damu ya mbuzi, uyeyushe chembe nyekundu, uzitie chembe nyeupe kingamwili ileile ya CD45. Chembe nyeupe karibu zote hubeba CD45, kwa hiyo isiposhika hapo, huna ruhusa ya kuandika kwamba seli zako hazina protini hiyo. Kwa mbuzi na kondoo, watafiti wengi wametumia alama nyingine, CD29 na CD44. Kwa CD73, CD90 na CD105 unaweza kupima RNA (nakala za jeni zinazotumika) kwa PCR, njia ya kuzidisha nakala hizo, ukitumia praima (vipande vifupi vya kuanzishia) ulizozibuni kutokana na jenomu ya mbuzi yenyewe, ila ukumbuke kwamba PCR hukupa wastani wa flaski nzima, wala haikuambii ni seli ngapi zenye alama hiyo.

FundiWaFlaski

Hizo za mviringo yaelekea ni makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu, ambazo nazo hushika plastiki vizuri sana. Badilisha maji ya lishe kwa mara ya kwanza baada ya saa 48 hadi 72, ukisuuza zaidi ya mara moja. Wakati wa kuhamisha, tumia tripsini, kimeng'enya cha kuzibandua seli, kwa dakika mbili au tatu tu huku ukitazama kwa hadubini, na seli ndefu zikishaachia uisimamishe mara moja kwa seramu. Makrofaji hung'ang'ania zaidi, hivyo utaziacha kwenye flaski kuukuu. Usisubiri flaski ijae kabisa, asilimia 80 yatosha.

Na kwa kuwa mifupa yako ni ya machinjioni, ikwangue nyama yote na uiloweshe kwa alkoholi kabla ya kuikata. Mimi nilipoteza flaski sita kwa ukungu kwa sababu ya uzi mmoja wa msuli niliouona nikaudharau.

MzeeWaUboho

Niongeze kuhusu vigezo. Vile vya mwaka 2006 vya chama cha kimataifa cha tiba ya seli, yaani kushika plastiki, kuwa na CD73, CD90 na CD105 kwa angalau asilimia 95 ya seli, kutozidi asilimia 2 kwa alama za seli za damu, na kugeuka mfupa, mafuta na gegedu, viliandikwa kwa ajili ya seli za binadamu. Kwa mbuzi, nguzo yako kubwa ni hiyo ya kugeuka. Friedenstein na wenzake walizitambua seli hizi kwa makundi yaliyotokana na seli mojamoja na kwa uwezo wake wa kujenga mfupa, miaka mingi kabla Caplan hajaeneza jina la seli shina za mesenkima mwaka 1991.

Tumia alizarini nyekundu kwa kalsiamu, Oil Red O kwa matone ya mafuta na bluu ya Alcian kwa gegedu, daima pamoja na flaski isiyotiwa vichocheo. Angalia pia beta-gliserofosfeti, kimojawapo cha vichocheo vya mfupa: ikizidi, kalsiamu huweza kutuama yenyewe na alizarini ikawaka pasipo mfupa wowote. Ukipata kipande cha ngozi ya mbuzi yuleyule, kuza faibroblasti zake (seli za kawaida za tishu unganishi) kando, kwa kuwa nazo hushika plastiki na kuchongoka vilevile.

MwanafunziMifugo

Shikamooni, nawashukuru. Kingamwili zote nne zimelenga protini za binadamu. Leo asubuhi nimeijaribu ile ya CD45 kwenye damu ya mbuzi, na haikushika hata chembe nyeupe moja. Nimeifuta jedwali ya kwanza ya tasnifu yangu, na Jumatatu naanza na alizarini.